Mwaka wa 14 nafundisha, naandika na kuhariri vitabu vya watoto hapa Tanga. Niache shule?

#1 Mwalimu wa Makorora

Habari za jioni wadau.

Nafundisha darasa la pili katika shule ya msingi hapa Tanga mjini, mwaka wa 14 huu. Hadithi nilianza kuziandika mwaka wangu wa tatu kazini, na shida ndiyo iliyonisukuma: kabati letu lilikuwa na vitabu tisa vya hadithi kwa watoto 112, na vitatu havikuwa na majalada. Nikawa naandika kwa mkono kwenye manila, nakunja, nashona kwa uzi. Watoto wakazisoma mpaka zikachanika. Hapo ndipo nilipojua kazi hii nimeipenda.

Leo nina vitabu vinne madukani, miswada saba nyumbani, na usiku nahariri hadithi za watu wengine kwa wachapishaji wawili wa Dar. Likizo nawafundisha walimu wenzangu namna ya kuwasomea watoto kwa sauti. Mwaka jana mrabaha, yaani fungu langu la mauzo, wa vitabu vyote vinne ulikuwa sh. 318,000. Uhariri uliniingizia kama mara tano ya hizo.

Sasa mchapishaji mmoja ananitaka niwe mhariri wake wa vitabu vya watoto, mkataba wa mwaka mmoja, nikifanyia kazi hapahapa Tanga. Mume wangu anasema kubali. Mama anasema mshahara wa serikali hauachwi. Naomba wenye uzoefu mniambie: kazi hii inaweza kumlisha mtu nje ya Dar? Na kama haiwezi, nini hasa kinachoikwamisha?

Swali la pembeni: mswada ninaoumalizia una chungu kinachoongea. "Chungu akasema" au "chungu kikasema"? Mhariri mwenzangu na mimi tunavutana wiki ya pili sasa.

#2 Mwana wa Barabara ya Kumi

Acha woga dada. Huu ni mji wa Shaaban Robert, mtu aliyeishi kwa kalamu yake na Dar hakuihitaji. Na wewe utaweza. Saini huo mkataba.

#3 Karani Mstaafu

Kijana wa #2, nakusahihisha kwa nia njema. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani 1909, na tangu 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha. Akahamia idara ya wanyama, kisha ofisi ya jimbo hapa Tanga, kisha idara ya upimaji. Alifariki Juni 1962. Vitabu vile viliandikwa na mtu anayeamkia ofisini kila siku. Mama wa mleta mada asipuuzwe.

#4 Mwana wa Barabara ya Kumi

Nimekuelewa mzee wangu, shikamoo. Basi nageuza ushauri: dada afanye kama yeye, yote mawili.

#5 Duka la Madaftari

Nauza vitabu na vifaa vya shule Ngamiani, kwa hiyo naongea nilichokiona kaunta. Januari mzazi anaingia na orodha mkononi. Madaftari, kalamu, rula, begi, vitabu vya kiada. Anahesabu hela, anahesabu tena. Mtoto anashika kitabu cha hadithi, anafunua picha, mama anasema "hicho hakimo kwenye orodha, rudisha." Mtoto anarudisha. Nimeiona hiyo mara nyingi mpaka inaniuma.

Lakini mwalimu akiandika jina la hadithi kwenye ile orodha, nauza nakala arobaini kwa wiki moja. Vitabu vilevile, bei ileile, wazazi walewale. Kwa hiyo anayesema wazazi wa Tanga hawana hela ya hadithi, mie simkubalii. Wanayo. Hawajaambiwa kwamba hadithi nayo ni shule.

#6 Mzee wa Raskazone

Mama wa duka, hilo lako ni kweli kwa shule za binafsi zaidi. Nimekuwa mwalimu mkuu wa shule ya serikali kabla ya kustaafu. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ni sh. 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Sh. 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, shuleni zinakuja 6,000. Kwa hizo 6,000 nunua chaki, karatasi za mitihani, rekebisha dawati, tengeneza mlango wa choo. Na orodha za kuwabebesha wazazi nazo mkuu wa shule anaziogopa, mzazi mmoja tu akilalamika umekwisha.

Kwa hiyo mteja mkubwa kuliko wote, ambaye ni shule ya serikali, hana pesa ya hadithi. Mwandishi wa watoto anauza kwa nani? Hapo ndipo pa kwanza pa kupatazama.

#7 Pwani Mchapaji

Nawasalimu. Nina mashine ndogo hapa mjini, nachapa kadi, risiti, na vijitabu vya watu. Niwaambie jambo moja ambalo waandishi hawalijui na linawala pesa. Kijitabu kinachobanwa pini katikati kinakwenda kwa kurasa nne nne: 16, 20, 24. Na ili karatasi kubwa isipotee, 16 au 32 ndiyo afadhali. Mtu ananiletea hadithi ya kurasa 27. Namwambia kata tatu au ongeza moja, anakasirika kana kwamba nimemtukana. Hiyo ni hesabu ya karatasi tu, hamna ubaya.

La pili: rangi. Nakala 500 za rangi hapa zinakuwa na gharama kubwa kwa nakala moja. Ukichapa 5,000 bei inashuka, lakini hizo 5,000 utaziweka wapi? Chini ya kitanda, panya wale. Ndiyo maana wakubwa wanapeleka kazi India au China, meli inazirudisha baada ya miezi.

Na msidharau uchapaji wa Tanga. Gazeti la Kiongozi lilichapwa hapa enzi ya Mjerumani, pale shule ya serikali.

#8 Mdigo wa Mkinga

Mtanisamehe, mimi naona mnazunguka. Vitabu vya watoto haviuzwi kwa sababu vingi havina utamu. Nina watoto watatu. Kila hadithi ninayonunua: mtoto mtukutu, anakatazwa, hasikii, anavunjika mguu, analia, anaomba msamaha. Mwisho maswali matano ya ufahamu. Bibi yangu alitutolea hadithi za Sungura na Fisi, Sungura anadanganya mwanzo mpaka mwisho na wala havunjiki mguu, nasi tulitega masikio mpaka taa ikaishiwa mafuta.

Waandishi wengi wa watoto ni walimu. Mwalimu akishika kalamu anafundisha. Dada, sikusemi wewe, vitabu vyako sijavisoma.

#9 Mwalimu wa Makorora

Asanteni wote.

#8, nimekaa na maneno yako usiku kucha, na nakiri kitabu changu cha kwanza ndivyo kilivyokuwa, mguu umevunjika kweli. Kitabu cha pili nilikisomea darasani kabla hakijaenda popote. Nilipofika kwenye aya ya mafunzo watoto wakaanza kuchezea kalamu. Siku hiyo nilifuta aya nzima. Tangu hapo sipeleki mswada bila kuusoma mbele ya darasa la pili, na ninaweka alama pembeni: hapa wamecheka, hapa wameangalia dirishani.

Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko mshahara. Nikiacha shule, nitamsomea nani?

#10 Kalamu Nyekundu

Mimi ni mhariri, Dar, miaka mingi sasa, na kwetu ni Muheza. Dada umeuliza kinachokwamisha. Nitasema la upande wangu, wengine wameshayasema yao.

Uhariri wa watoto unachukuliwa kama kazi ndogo kwa sababu maneno ni machache. Mtu anakuletea kurasa 16 zenye maneno 300 anataka kesho. Hajui kwamba maneno 300 hayo ni kama kupima dhahabu. Kuna wakati mradi mmoja ulituletea jedwali la ngazi za usomaji, limetengenezwa kwa lugha nyingine: ngazi ya kwanza, sentensi isizidi maneno matano. Sasa "Mama ana kuku na bata" ni maneno matano, silabi tisa, mtoto wa darasa la kwanza anasoma akitabasamu. "Wanaotutembelea wamefika" ni maneno mawili tu, silabi kumi na mbili, na hapo anakwama hata wa darasa la tatu. Kwa jedwali lile sentensi ya pili ndiyo rahisi! Tulibishana miezi mpaka wakakubali tuhesabu silabi na viambishi. Kazi hiyo hakuna anayeilipia.

Na maumivu ya ritifaa. Kitabu kimoja nilichosaini mimi mwenyewe prufu ya mwisho, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, fonti ya kiwandani ikaidondosha ritifaa. Ng'ombe wote wakawa "ngombe", ng'ambo ikawa "ngambo". Nakala 5,000. Mtoto anayejifunza tofauti ya ng'ombe na ngoma kwa mara ya kwanza, kitabu ndicho kinampoteza. Nililia.

Kwa hiyo ndiyo, wanaojua kazi hii ni wachache, na nafasi uliyopewa si ndogo. Nakushauri uichukue. Lakini uliza wanalipa kwa ukurasa, kwa mswada au kwa mwezi. Ukilipwa kwa ukurasa katika vitabu vya watoto, umeliwa.

Chungu: "akasema". Anayeongea ni mtu.

#11 Karani Mstaafu

Hapo kwenye chungu sikubali. Kiboko, kifaru na kipepeo tunasema "amekuja" kwa kuwa wana uhai wao. Chungu hakina. Chungu kikasema, na mtoto ataelewa kwamba ni ajabu, na ajabu ndiyo hadithi yenyewe. Ukisema "akasema" umeiondoa ajabu.

#12 Shangazi wa Pangani

Mzee wangu, kwetu bibi alisema "chungu akasema" wala hatukuwahi kumuuliza. Lakini alianza "palikuwa na chungu kimeinjikwa jikoni", yaani kabla hakijasema ni kitu, kikishafungua mdomo ni mtu. Alivuka hapohapo na sisi tunavuka naye.

Nimeingia kwa jingine hasa. Mwalimu, soma mkataba. Mimi mwaka 2011 niliuza hadithi kwa mchapishaji ambaye simtaji. Alinipa sh. 400,000 taslimu nikaona nyota. Kwenye karatasi pameandikwa "haki zote". Kitabu kimechapwa tena na tena, nakikuta mpaka stendi, na sina senti. Mwanangu alinikuta namuuliza muuza vitabu bei ya kitabu changu mwenyewe. Hakimiliki ya Tanzania inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, wajukuu zangu wangekula. Nimeiuza yote kwa mchana mmoja.

#13 Duka la Madaftari

Pole sana shangazi. Nitumie jina la kitabu faraghani, kama ninacho nitakiweka mbele ya kaunta hata kama hela hazikufikii.

#14 Bumbuli Juu

Huo muda wa miaka 50 umenipa wazo. Shaaban Robert amefariki 1962. Ina maana tangu 2013 kazi zake ni za umma? Kwa nini Tanga hatuzitengenezi upya kwa watoto, lugha nyepesi, picha za hapahapa? Mwalimu angepata kazi ya maisha.

#15 Kalamu Nyekundu

Bumbuli, kwa hesabu ya sheria ya 1999 ndivyo. Ila michoro na maandishi ya wengine ndani ya matoleo mapya yana wenyewe, hayo usiyaguse. Na tahadhari ya pili ni ya moyo wangu: nimejaribu kurahisisha sentensi zake nikashindwa. Ukitoa neno moja sentensi inalegea kama jahazi lililokatwa kamba ya tanga.

#16 Mdigo wa Mkinga

Basi msirahisishe. Wasomeeni watoto kama ilivyo, wataokota wanachokiweza. Sisi tulisomewa Qurani bila kujua Kiarabu na masikio yalifunguka.

#17 Mwana wa Barabara ya Kumi

Mdigo leo umeamka na moto. Jana vitabu havina utamu, leo wasomewe Shaaban Robert darasa la pili.

#18 Mdigo wa Mkinga

Utamu wa sauti ni utamu. Sijajikanusha.

#19 Mvuvi wa Deep Sea

Mie si mwandishi, nasoma tu uzi huu tangu juzi kwa sababu ya binti yangu. Aliletewa kitabu cha hadithi kinachosimulia mambo ya baharini. Mvuvi kaenda kutega, imeandikwa "mtego". Tukatazame picha: mtego wa panya, umewekwa juu ya mwamba! Binti akaniuliza, baba, huyu anavua panya wa baharini? Nikamchukua mkono mpaka bandani nikamwonyesha dema, zilivyosukwa, mlango ulivyo mpana nje na mwembamba ndani, samaki akiingia hatoki. Akachora yeye mwenyewe, vizuri kuliko kile kitabu.

Hivi nani anaamua neno "dema" litoke?

#20 Mwalimu wa Makorora

Kaka yangu, nitakujibu kwa uchungu kwa sababu hicho kisa nakijua kwa ndani. Si kitabu hicho, ila mswada wangu wa tatu ulikuwa na "dema" na ukarudi "mtego". Sababu niliyopewa: mtoto wa Singida hataelewa. Nikajibu, mtoto wa Tanga naye anasoma theluji na hajaiona, na mtoto wa Singida anayo picha hapo pembeni ya kumsaidia. Basi mchoraji naye anapewa maandishi tu, hajui bahari, anakuta "mtego", anachora anaoujua. Si kosa lake. Hakuna aliyemlipia nauli ya kuja kuangalia.

Nikiwa mhariri, hilo ndilo la kwanza. Neno la mahali libaki, na mchoraji aje alione.

#21 Kalamu Nyekundu

Natetea upande wangu kidogo. Kitabu kinachouzwa nchi nzima kina watoto wa Kisambaa, Kisukuma, Kimasai, ambao Kiswahili chenyewe wanakutana nacho shuleni. Ukiweka "dema" moja, sawa. Ukiweka kumi na tano za namna hiyo ndani ya kurasa 16, mtoto anafunga kitabu. Kuna mizani.

#22 Mvuvi wa Deep Sea

Mizani sikatai dada. Lakini kila mara kinachopunguzwa ni cha kwetu.

#23 Mzee wa Raskazone

Turudi kwenye ugali wa mwalimu. Kulikuwa na njia moja iliyofanya kazi: Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991. Mchapishaji akipitishwa anachapa nakala 5,000, mradi wenyewe unanunua 3,000 na kuzipeleka shuleni, yeye anabaki na 2,000 za kuuza. Mchapishaji haogopi, mwandishi ana uhakika wa mrabaha. Shule yangu ilipata sanduku. Nilikuta watoto wa darasa la nne wanagombania kuchelewa kwenda nyumbani.

#24 Bumbuli Juu

Na pesa za ule ununuzi zilitoka kwa wafadhili wa nje, mzee. Mteja akiwa mfadhili, siku akifunga mkoba biashara nayo imefungwa. Mchapishaji hakulazimika kumtafuta mzazi wala kufungua njia ya kufikisha vitabu Lushoto au Kilindi. Mimi naona hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

#25 Mzee wa Raskazone

Mwanangu, mgonjwa aliyewekewa dripu huulizi kwa nini hakula ugali. Watoto walisoma. Nimewaona.

#26 Fundi Simu Chumbageni

Mbona hamgusi simu? Kuna hadithi za Kiswahili bure mtandaoni, African Storybook, StoryWeaver, zina leseni huria, unapakua, unachapa, unabadilisha. Kitabu cha kununua kitashindana vipi na cha bure?

#27 Mwalimu wa Makorora

Nazitumia darasani na nazishukuru. Lakini nyingi zimetafsiriwa, na baadhi hazijapitiwa na mhariri, utakuta "mti alikuwa mrefu". Bure ikija na makosa, kazi ya kusahihisha inamwangukia mwalimu. Hapo pia pana kazi ya uhariri, ila hakuna anayeilipa.

#28 Pwani Mchapaji

Tuzo ya Mwalimu Nyerere je? Ilianza na riwaya na ushairi, zawadi za kwanza zikatolewa Aprili 2023, baadaye wakaongeza hadithi za watoto. Mshindi wa kwanza milioni 10. Peleka miswada saba yote!

#29 Shangazi wa Pangani

Apeleke mmoja ulioiva. Na milioni 10 ni neema, lakini tuzo anapata mmoja na kodi ya nyumba wanalipa wote.

#30 Karani Mstaafu

Mwalimu, umeamuaje? Na chungu?

#31 Mwalimu wa Makorora

Sijaamua. Nimemwandikia mchapishaji nikimwomba mambo matatu: malipo kwa mwezi, mchoraji aletwe Tanga angalau mara moja kwa kila kitabu, na mimi nibaki na darasa hata la kujitolea, asubuhi mbili kwa wiki. La kwanza amekubali. La pili amesema ataangalia bajeti. La tatu hajanijibu. Mama bado amenuna. Afisa utumishi ameniambia likizo bila malipo inaombwa, ila jibu si la haraka, nami mkataba wananitaka nisaini kabla ya mwisho wa mwezi.

Chungu nimewasomea leo. Nusu ya kwanza "kikasema", baada ya mapumziko "akasema". Nikawauliza ipi nzuri. Wakagawanyika, kelele tupu. Kisha mtoto mmoja wa dawati la nyuma, ambaye haongei mara nyingi, akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona yeye hana jina?"

Wote wakaanza kumpa majina kwa pamoja. Nimeyaandika ubaoni, yamefika kumi na tisa. Jumamosi saa nne nitakuwa maktaba ya mkoa na nakala za fotokopi, tutapiga kura. Mvuvi, mlete binti, na aje na ule mchoro wa dema.

#32 Mvuvi wa Deep Sea

Tunakuja. Anauliza aje na rangi au penseli.